Nembo Iliyoziba Rejeta

Mwenzangu, haya kanisimulia mjukuu wangu, yule mchoraji wa kiwanda cha magari, saa kumi hii alipoingia viatu mkononi. Nimecheka, kisha nikakasirika.

Miezi mitatu anachora nembo ya gari lao jipya. Kumi na moja zimekataliwa! Kumi na moja! Mkurugenzi wimbo wake mmoja: "Ndogo! Nataka kichwa cha nyati kionekane toka ng'ambo ya barabara."

Fundi akamwonya, "Mzee, hapo mbele ndipo injini inapopumulia."
"Wewe kaza nati, nembo niachie mimi."
Haya. Kikafungwa kichwa cha nyati kikubwa kama mfuniko wa sufuria la shughuli.

Leo wageni wa uzinduzi wamejaa uani, gari linazungushwa. Mzunguko wa tatu, mvuke ukafoka kila upande wa pembe! Nembo imeziba upepo, maji ya rejeta yamechemka, na wageni wanapiga makofi wakidhani ni mbwembwe!

Mkurugenzi kageuka mbogo mwenyewe. "Nani kachora upuuzi huu? Kesho asikanyage hapa!"

Mjukuu wangu akafungua faili mbele ya wageni. Mchoro wa kumi na mbili, juu yake: "Ongeza ukubwa," na sahihi.
"Samahani mzee, mwandiko huu wa nani?"

Wa kwake, mwenzangu! Wa kwake! Akanywea kama puto.
"Basi... kesho uje na ile ya kwanza."
Ile ndogo!

Kazi imepona. Mwenyewe huyu hapa kwenye kochi langu, nilikuwa namuuliza fundi alisemaje, kumbe kashalala.