Wivu Niliokuonea Ukiwa Mgonjwa

Dada Hawa,

Nianze na lililonileta. Makaratasi yako ya hospitali, yale uliyokuwa ukiyatunza kwenye bahasha ya kaki pamoja na daftari lako, niliyaficha mimi. Mama aliyatafuta wiki nzima. Alitoa godoro nje, akapekua sanduku la kanga, akauliza hadi majirani waliokuja kuosha vyombo siku ya arobaini yako. Na mimi nikawa namsaidia kutafuta. Yalikuwa chini ya magunia ya mpunga, chumbani kwangu.

Aliyeyataka ni Dokta Neema, yule binti wa Njombe aliyekuwa akikutibu Kibiti. Alikuja mpaka hapa Chumbi kwa bodaboda, akakaa na sisi mkekani, akampa mama pole upya. Akatueleza kwamba watafiti huzichukua tafiti za lupus, huo ugonjwa wako, kutoka nchi nyingi, wakaziunganisha, wapate kuona nini hasa kinamweka mtu kwenye hatari ya kuupata, na madhara gani huja nyuma yake: figo, moyo, damu kuganda, mimba kuharibika. Mama alimtazama tu. Dokta akasema, "Mama, ukiona debe moja la mpunga limejaa mapepe yasiyo na punje, huwezi kusema Chumbi nzima imekosa mavuno. Mpaka kila shamba lilete debe lake, mmwage kwenye turubai moja, ndipo mtaujua mwaka." Hapo mama akaelewa.

"Sasa kwenye turubai hilo," dokta akaendelea, "mpunga wa kwetu ni kiganja tu. Waliohesabiwa wengi ni wanawake wa mbali." Yeye na wenzake wa hospitali nyingine wanakusanya habari za wagonjwa wa huku, ndugu wakiridhia, na alitaka na zako ziwemo. "Hawa alikuwa anaandika kila kitu. Wagonjwa kama yule ni wachache."

Wivu ukanipanda hapohapo mkekani. Umekufa, tumekuzika, na bado mtu anatoka Kibiti na vumbi lote lile kukutafuta wewe. Mimi nimelima shamba la mama miaka yote hii, nani amewahi kufunga safari kuja kuuliza habari zangu?

Sikuanza siku hiyo, unajua. Au labda hukujua. Ulipoanza kuota ule wekundu mashavuni na juu ya pua, mimi nilidhani umejipaka mkorogo. Nikasema moyoni, ameolewa Nyamisati, sasa anajichubua. Mimba ya kwanza ikaharibika, watu wakasema ni mkono wa mtu. Ya pili ikaharibika, mumeo akakurudisha nyumbani na begi moja. Ukawa unaumwa viungo, nywele zinabaki kwenye kitana, tunakutibu malaria kila mwezi. Mpaka Dokta Neema alipokutuma Dar, wakakupima damu, ukarudi na jina la ugonjwa ambalo mama alilitamka kama jina la mgeni.

Basi toka hapo nyumba nzima ikawa yako. Hawa asiguse jua. Hawa apikiwe bila chumvi nyingi. Hawa apewe kitanda cha dirishani. Kila mwezi mama alikuwa anapanda basi na wewe kwenda kliniki, mnavuka daraja la Ndundu mkiwa mmeshikana mikono kama wari wa unyagoni, na mimi nabaki kupepeta. Kisha zile dawa zikakuvimbisha uso, mashavu yakajaa, ukawa mweupe kwa kutoguswa na jua, na watu wakakusifu. "Hawa amenawiri!" Mimi nikajitazama kwenye kioo, mweusi wa jua, mifupa ya shingo nje. Mungu anisamehe, niliyaonea wivu mashavu ya mgonjwa.

Sasa ile siku ya kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Unaikumbuka, najua. Mpunga ulikuwa umeanza kukaza, ndege wamejaa, na mimi nina homa kidogo. Mama akaniambia niende hivyo hivyo. Nikatoka uani nikasema kwa sauti, majirani wasikie, "Mwacheni malkia alale, jua litamyeyusha." Kesho yake asubuhi nilikukuta shambani umetangulia, umejifunga kanga kiunoni, kichwa wazi, unapiga debe na kukimbiza ndege. Ningeweza kukwambia urudi, sikukwambia. Nilikaa kivulini nikakutazama mpaka adhuhuri. Nilifurahi, Dada. Nasema kweli, nilifurahi.

Uliumwa wiki mbili baada ya pale. Mwaka haukuisha, figo zikagoma. Wewe hukumwambia mama kilichokupeleka shambani. Ulimwambia tu, "Nilitaka kunyoosha miguu."

Kwa hiyo nilipoyaficha yale makaratasi, wivu ulikuwa juu, lakini chini yake kulikuwa na woga. Niliona dokta akisoma daftari lako ataikuta ile siku, imeandikwa kwa mwandiko wako mzuri, na jina langu pembeni.

Baada ya mavuno vidole vikaanza kuniuma. Nilikuwa nimesikia dokta akisema kwamba mtu mwenye ndugu wa damu mwenye lupus hatari yake inapanda kidogo, na kwamba wanaougua wengi ni wanawake wa umri wetu. Nikaenda Kibiti mwenyewe. Nikamweleza Dokta Neema habari za vidole, na nikaongeza chumvi: nikasema na nywele zinatoka, na nachoka. Akanichunguza kwa makini, akachukua mkojo, akachukua damu. Siku zile za kungoja majibu mama alinipikia uji. Alinikataza kwenda shamba. Alinishika kipaji cha uso kila asubuhi kama alivyokuwa akikushika wewe.

Dada, niliomba nikutwe na ugonjwa wako. Siombi unielewe. Niliomba hivyo nikiwa kwenye mswala.

Majibu yakatoka. Sina kitu. Vidole ni kazi ya mundu. "Mshukuru Mungu, dada yangu," dokta akasema, na mimi nikaanza kulia. Akadhani ni furaha. Nikamwambia si furaha. Nikamwambia yote: makaratasi, malkia, ndege, kivuli nilichokalia. Akasema, "Nenda kaniletee hilo daftari."

Nilirudi, nikahamisha magunia mbele ya mama. Alipoiona bahasha akakaa chini. Kesho yake tukaenda wote wawili Kibiti, na dokta akatusomea. Kumbe miezi mingi kabla ya siku ile ya ndege ulikuwa umeshaandika kwamba mkojo una povu na miguu inavimba jioni, na majibu ya maabara ya wakati ule yamebanwa palepale na pini. "Jua huweza kuuamsha ugonjwa huu," aliniambia, "na lile jua huenda lilimuumiza. Siwezi kukudanganya. Lakini figo zilikuwa zimeshaguswa zamani. Hizo tafiti zote nilizokwambia haziwezi kumnyooshea kidole mtu mmoja na siku moja. Zinasema mambo mengi huchangia kwa pamoja."

Nikamuuliza kama na siku ile imeandikwa. Akafungua ukurasa. Uliandika: *Nimeamia ndege. Nimechomwa. Nimefurahi.* Basi. Jina langu halipo.

Tulipotoka nje mama ndiye aliyesema. Tulikuwa tumesimama tunangoja basi. "Alikuwa akikuchungulia dirishani ukienda shamba," akasema. "Alikuwa analia akiuma kanga ili usimsikie. Ananiambia, 'Mama, mwenzangu anatumwa, ana watoto, akishika jembe linainuka. Mimi nimekuwa kama yai.' Nikawa sikwambii, nikijua utajivuna."

Sikujivuna. Nilishika nguzo ya kibanda. Muda wote ule, Dada, wewe upande mmoja wa dirisha na mimi upande wa pili.

Sitakudanganya kwamba yameisha. Juzi mama alimwita Saumu, binti yangu, kwa jina lako, na nikasikia kitu kikinichoma. Dokta alipotueleza kwamba katika utafiti hakuna majina, kila mgonjwa ni namba tu, nilifurahi kidogo kwamba na wewe utakuwa namba. Halafu nikaona haya. Mama akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kuridhia, mimi nikatia sahihi chini yake kama shahidi.

Sasa nikwambie ninachokusudia. Saumu anakaribia kuvunja ungo. Sitamtisha, wala sitamfungia ndani. Ila akiota wekundu usoni au akilalamika viungo, sitasema mkorogo wala sitasema mkono wa mtu, nitampeleka. Na Mwanaisha wa jirani, aliyepoteza mimba mbili mfululizo na miguu imeanza kumvimba, Jumatatu ninaye, tunakwenda kwa Dokta Neema. Nimemwambia habari zako zote, nikamwambia na zangu.

Dokta ameahidi kwamba kazi yao ikimalizika atatusomea walichokiona kwa Kiswahili. Nitakuja kaburini nikusomee na wewe. Watakapotajwa wanawake wa Pwani, hata kama ni wachache namna gani, nitajua kwamba mmoja wao alikuwa dada yangu.

Pumzika, Hawa. Nimekuonea wivu, na nimekupenda, na vyote viwili naviweka mbele yako.

Mdogo wako,
Hadija