Sentimita Thelathini na Nne

Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro jioni. Mvua ya mchana imekatika, vumbi la barabarani limelala, na bati letu bado linadondosha matone kwenye ndoo. Nina furaha. Naiandika mapema kabla haijaona aibu ikaondoka.

Leo nimesema sentensi nzima mbele ya watu tisa.

Wanaosoma hapa mara ya kwanza (kama mpo) wajue kwamba nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na naishi na mama hapa Geita. Mama huosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo wa wachimbaji. Mimi asubuhi napika na kufua, mchana nacheza gemu ya kulenga kwenye laptop ya zamani aliyoniachia kaka alipokwenda chuo. Sina sifa nyingine. Shuleni nilikuwa yule anayejua jibu na kuangalia daftari lake.

Nyuma ya steshenari ya Mama Joshua kuna chumba chenye kompyuta kumi. Mbele anatoa fotokopi, nyuma vijana wanacheza, watano kwa watano. Kila Jumamosi timu inayoshindwa inanyanyuka, wengine wanakaa. Mwezi uliopita dada mmoja wa timu ya Kulwa alikwenda chuo na kiti chake kikabaki wazi. Kulwa ni dereva wa bodaboda, anaongea kama watu watatu. Aliniona nimesimama mlangoni kama kawaida yangu, nikijifanya nasubiri fotokopi, akasema, "Wewe Kimya, Jumamosi tunakujaribu. Ukiweza, kiti chako."

Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyotaka chochote mwaka huu. Mama asinisikie, kuliko hata matokeo.

Sasa niseme kosa langu.

Chumbani kwa Mama Joshua kompyuta zote zimewekwa kasi moja ya kipanya, ile ya Kulwa. Wenyewe wanaiita sensi. Ukigusa kipanya kidogo tu, umeshageuka nyuma. Ukutani kuna karatasi: USIBADILISHE MIPANGILIO. Nikawaza, basi nitajifunza hiyohiyo. Nikaiweka kwenye laptop ya kaka, nikafanya mazoezi siku sita. Meza yetu ina nyufa, kwa hiyo chini ya kipanya nilitandika kipande cha blanketi la kazi ya mama kilichobaki, kisafi, hakijawahi kulowa.

Ikawa tamu ajabu. Kasi ileile ya Kulwa, lakini mkono unatulia, unasimama ninapotaka. Nikajiona nimeiva.

Jumamosi iliyopita nikakaa kwenye kompyuta namba nne. Meza za kule zimefunikwa fomeka, zinateleza kama sabuni. Adui akatokea kushoto, nikasukuma kipanya kama nilivyozoea. Nikajikuta natazama mawingu. Nikarudisha, nikatazama miguu yangu. Nikasukuma tena, mawingu.

"Kimya, unampiga nani huko juu?" Kulwa akauliza. "Malaika?"

Chumba kizima kilicheka. Hakukuwa na ubaya ndani yake, najua. Lakini nilitoka bila kuaga, hata shikamoo ya Mama Joshua nikaimeza, na nikapita njia ya nyuma ya soko ili nisikutane na mtu.

Jumapili na Jumatatu sikuiwasha laptop.

Jumanne mama alirudi mapema kwa sababu mashine ya maji iliharibika. Alinikuta nimekaa mbele ya laptop imezimwa, nikisugua kipanya juu ya lile blanketi, huku na huku, bila maana. Akauliza nina nini. Kwa kuwa ni mama, nilimwambia yote, mpaka malaika.

Mama hajui gemu. Lakini aliinama akakichukua kipanya kwa vidole vyake viwili, akakiburuta kwenye blanketi, kisha akakiburuta kwenye meza tupu. Akaanza kucheka, ile ya kushika kiuno.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "blanketi la mwalo tunalitandika kwenye mbao ili maji yakipita, mchanga uende na dhahabu ing'ang'anie. Linakamata punje usiyoiona kwa macho. Mkono wako ndio ungepita?"

Nilikaa nikilitazama lile blanketi. Miaka yote naona mama akikung'uta mablanketi kwenye karai, na bado nimekwenda kufanya mazoezi ya wepesi juu ya kitu ambacho kazi yake ni kuzuia.

Sikuwa nimejifunza kasi ya Kulwa. Nilikuwa nimejifunza kusukuma blanketi.

Kwa hiyo nikaanza upya. Nililiondoa blanketi, nikaziba nyufa za meza kwa jalada gumu la daftari kubwa la Biolojia, nikatoa rula yangu ya sentimita thelathini kwenye kopo refu la vifaa vya hisabati. Nilisimama kwenye gemu nikitazama nguzo moja, nikaweka rula kando ya kipanya, nikasukuma kulia taratibu mpaka nikazunguka na kuiona nguzo ileile tena. Kwa kasi ya Kulwa, mzunguko mzima ulikuwa sentimita tisa. Tisa! Upana wa kiganja changu. Yeye ana mkono wa kukata kona na pikipiki. Mimi nina mkono wa kuchambua mchele.

Nikapunguza. Kila nilipopunguza nilifanya mambo mawili: niligeuka ghafla na kusimama juu ya nguzo, kisha nilifuata ukingo wa ukuta kwa alama ya kulengea, polepole, kama anayepiga mstari wa jedwali. Nikiipita nguzo, bado ni nyepesi mno. Nisipoifikia mpaka ninyanyue kipanya mara mbili, ni nzito mno. Niliandika kila kipimo kwenye daftari. Kwenye sentimita hamsini bega liliuma kama nimetwanga. Kwenye ishirini alama ilitetemeka ukutani. Alhamisi nilifika mahali ambapo niliacha kuufikiria mkono.

Rula iliisha kabla ya mzunguko. Nikaweka alama ya penseli, nikaisogeza, nikaongeza nne.

Thelathini na nne. Niligeukia nguzo ile mara ishirini na nilisimama juu yake mara kumi na saba. Nilimwita mama aje aone. Alikuja na mwiko mkononi, akasema, "Umeipata?" kama anavyowauliza wenzake mwaloni.

Kazi ngumu ikawa bado. Namba niliyoiandika kwenye laptop isingefaa kule, maana vipanya vyao si kama changu. Ningelazimika kupima palepale, mbele ya watu, kwa rula. Na kabla ya hapo ningelazimika kuomba ruhusa chini ya karatasi inayosema usibadilishe.

Ijumaa nilikwenda kuteka maji mara nne nikirudia sentensi moja njiani. Naomba nibadilishe kasi ya kipanya, halafu nitairudisha. Mama mmoja bombani alidhani nasali.

Leo saa nane nilifika. Nilimsalimia Mama Joshua shikamoo mbili, moja ya leo na moja ya wiki iliyopita. Akaitikia marahaba zote mbili, akatabasamu. Nikakaa namba nne. Vijana walikuwa wanapiga kelele. Nikaipitia sentensi yangu mara moja zaidi kichwani. Kulwa akasema, "Tuanze, tuanze," na mkono wake ukaenda kwenye kibodi.

"Naomba nibadilishe kasi ya kipanya, halafu nitairudisha."

Nadhani niliisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga, kwa sababu kelele zote zilikatika. Kulwa alinitazama, akamtazama Mama Joshua mlangoni.

"Ile karatasi niliiweka kwa ajili ya wanaoharibu," Mama Joshua akasema. "Mtoto ameomba."

Nikatoa rula.

Mungu wangu, kicheko. "Fundi cherehani kaja!" "Fundi, nipime na mimi suruali, hii inanibana!" Masikio yaliwaka moto. Lakini mikono ilikuwa na kazi, na nimegundua kwamba mikono ikiwa na kazi, aibu hukaa pembeni ikisubiri. Niliigeuza kibodi ikae mshazari ili nipate nafasi, nikapima, nikapunguza, nikapima tena, nikaweka alama ya penseli kwenye fomeka, nikaongeza nne.

Kulwa aliinama akajaribu kipanya changu. "Aisee. Hii sensi ya bibi kizee. Ukigeuka wenzako wameshapika ugali na kula."

Nilitabasamu, na hilo kwangu ni kama kujibu.

Raundi ya kwanza nilikufa wa kwanza kabisa. Naandika ukweli. Ya pili pia, na nikamsikia mmoja akiguna. Ya tatu nilijibanza nyuma ya magunia, adui akakatiza mbele mbio, na mkono wangu ukaenda naye. Haukumkimbilia wala kumpita. Ulikwenda naye kama ukingo wa ukuta, ukasimama, nikabonyeza.

"Nani huyo?" mtu akauliza upande wa pili.

"Bibi kizee!" Kulwa akapiga kelele, kwa fahari kana kwamba amenizaa.

Tulishinda mchezo wa kwanza. Wa pili tulishindwa, tukanyanyuka kama sheria inavyotaka. Sikutazama sakafu. Nilirudisha kasi ya kompyuta kama nilivyoahidi, nikafuta alama ya penseli kwa kidole, nikaaga kila mtu. Niliaga!

Nikiwa mlangoni Kulwa aliniita. Nilidhani atatania tena. Timu iliyofuata ilikuwa bado haijakaa, naye alikuwa amejibanza namba nne, kibodi ameilaza mshazari, anakuna kichwa.

"Kimya, hebu hiyo rula. Iache hapa mpaka Jumamosi. Na usichelewe, kiti hakikai wazi."

Ndivyo alivyonipa kiti, bila sherehe, akiwa amenipa mgongo. Nilimpa rula. Ina jina langu kwa kalamu ya bluu, Kabula, Kidato cha Nne B, na upande mmoja imeng'atwa siku ya mtihani wa Fizikia. Nilipopita dirishani nikamsikia anahesabu: sita, saba, nane.

Mama ananiita nikakoroge uji. Kesho ni ibada asubuhi, halafu nitamsaidia kukung'uta mablanketi. Nimelifunga kopo la hisabati, lina bikari, kichongeo na kifutio, na nafasi ndefu iliyo wazi pembeni.

Nikilitikisa linalia tofauti. Napenda linavyolia.