Ile Kalamu ya Rangi Uliyomtumia Isaiah

S.L.P. 1127,
Eldoret.
14 Aprili, 1986.

Mpendwa shemeji Johnstone,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hali yako huko Glasgow ni vipi, na hiyo baridi? Chakula umezoea? Sisi tunaendelea, ila nakuandikia nikiwa nimechoka sana, kwa hivyo nisamehe mwandiko.

Mvua imeanza, na nyumbani Kimilili wamemaliza kupanda. Baba yenu ni mzima, mguu tu ndio unamsumbua.

Ile kalamu ya kunyunyizia rangi uliyomtumia ndugu yako ilifika salama Januari. Isaiah alifurahi sana. Zamani alipaka vile vijumba vyake vya kadibodi, vya kuonyesha nyumba kabla hazijajengwa, kwa brashi, na tajiri wake wa ofisi ya ramani alimwambia vinafanana na keki. Sasa vinatoka laini, hata fremu za madirisha unaziona. Upepo anautoa kwa tairi la gari ambalo analijaza upepo kwenye petroli stesheni na kulibingirisha mpaka nyumbani. Majirani wanamuuliza gari lenyewe litafika lini.

Lakini shemeji, unajua tuna chumba kimoja. Anafunga mlango na dirisha ili vumbi lisishike rangi mbichi, kisha ananyunyiza hapo mezani, na mtoto wetu Nanyama amelala nyuma ya pazia. Rangi inakaa hewani mpaka unaionja kwa ugali. Siku moja kamasi ya mtoto ilitoka buluu.

Nilipolalamika alinituliza na maziwa. Mafundi wa rangi kwa gereji za hapa mjini hunywa maziwa wakimaliza kazi, eti yanaosha kifua. Basi tukawa tunanunua pakiti mbili, moja yake na moja ya mtoto. Mimi mwenyewe ndiye nilikuwa namnywesha, nikiona nimemkinga. Hilo ndilo linaniuma. Miezi miwili nilimpa maziwa badala ya kumtoa nje.

Wiki mbili zilizopita mtoto alianza kuhema, mbavu zinaingia ndani. Nilimfunga mgongoni nikakimbia hospitali. Nesi aliuliza tunapika na nini, nikamweleza yote, rangi na maziwa. Hakunigombeza. Alisema, "Mama, maziwa inaenda tumbo. Hiyo rangi iko kwa kifua."

Tulilazwa siku nne. Sasa ana nafuu, ingawa akilala kifua bado kinalia. Nesi alisema akirudishwa kwa hewa ile, safari nyingine huenda tusimuwahi.

Tulipotoka niliifungia kalamu ndani ya sanduku langu. Mama Jemutai, mwenye ploti tunayopanga, ametupa nyumba yake ya kuku ambayo iko tupu, Isaiah awe ananyunyizia rangi huko. Ina waya pande mbili na hewa inapita. Nilimwambia Isaiah atundike shuka lenye maji lizuie vumbi. Alijibu kwamba mtu wa ramani hawezi kukaa kwa kuku. Tarehe ishirini na tano tajiri anaonyesha wageni zile nyumba za wanafunzi zitakazojengwa Kesses, na kijumba cha kuwaonyesha hakijapakwa. Tangu Jumatano hasemi na mimi, ila kuomba chumvi.

Si mtu mbaya. Mtoto akikohoa yeye ndiye anambeba huku na huku mpaka alale. Lakini kila nikimwambia, jibu lake ni moja: "Ingekuwa mbaya, Johnstone angeniandikia."

Basi mwandikie, shemeji. Mwambie kwa mkono wako kwamba hiyo si kazi ya chumba cha kulala. Kama huko wanauza kile kifuniko cha pua wanachovaa mafundi, mtumie pia, maana yeye naye ana kifua. Mtoto huyu tulimpa jina la marehemu mama yenu. Sitaki tumzike mapema kama yeye.

Hiyo tarehe ishirini na tano ikifika kabla ya barua yako, atachagua mwenyewe, nyumba ya kuku au brashi. Ufunguo ninao mimi, na siutoi.

Dada yenu Tryphosa na jirani yetu Mzee Murunga wanakusalimu sana. Mungu akutunze ugenini na akurudishe ukiwa na afya, utukute sote watatu.

Wako akupendaye,
Shemeji yako Nasike,
Mama Nanyama.