Jukwaa Limesimama, Dada Tani

Mwaka umetimia, Dada, tangu moyo wako ulipogoma kufanya kazi ya ziada. Siku tatu hospitalini, ya nne ukatuachia malori mawili, shehena ya mabomba na mbao, na mume asiyejua soksi zake zinakaa wapi. Familia ilipokaa kuulizana nani akuandikie, wote walinigeukia mimi mdogo wako, eti mdomo wangu haujawahi kuchukua likizo. Basi naandika kwa niaba ya wote. Wewe kaa vizuri usikilize, maana habari ni njema.

Wasiokujua wajue kwamba hukuwa mwimbaji. Hukuwahi kuanza wimbo nyumbani pasipo mtu kukuomba unyamaze. Lakini ziara za wanamuziki, na matamasha yaliyojaza viwanja, vyote vilisimama juu ya kazi ya mikono yako. Ulikuwa mjenzi wa majukwaa. Mafundi walikuita Tani kwa sababu ya mwili wako. Mwingine angenuna. Wewe ulikwenda kwa fundi cherehani ukalishonesha jina kifuani kwenye ovaroli, kwa uzi mwekundu, lionekane tangu getini.

Kwenye lori ulikuwa na gunia la viatu vya kazi vilivyotumika. Kibarua akija na kandambili, humfukuzi wala humgombezi. Unamtazama mguu, unaingiza mkono guniani, unatoa saizi yake bila kumuuliza. Hukukosea hata mara moja. Jioni akitaka kuvirudisha, unamwambia, "Nenda navyo. Nitajuaje kama kesho utakuja?" Na kesho yake anakuja.

Na usingizi wako! Sauti ikipimwa, spika zinatikisa matumbo ya watu, wewe umejilaza juu ya sanduku la vifaa dakika kumi. Ukiamshwa unasema hukulala. Siku ile fundi sauti alipokuwekea kipaza sauti puani, uwanja mzima ukasikia unavyokoroma. Ulifumbua jicho moja, ukasikiliza kidogo, ukasema, "Besi imezidi. Punguza." Ukalala tena.

Hatujasahau tulikotoka. Jukwaa letu la kwanza lilikuwa madawati ya shule yaliyofungwa kamba na kufunikwa zulia la sebuleni kwa mama. Wimbo wa pili, mpiga ngoma akatumbukia na ngoma zake, ikabaki kofia. Mwenyewe aliendelea kupiga humo humo shimoni, watu wakashangilia wakidhani ni mbwembwe za onyesho. Mimi nilicheka, na kofi ulilonipa bado nalisikia hali ya hewa ikibadilika. Wewe hukucheka. Ulisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuanzia leo simpandishi mtu mahali ambapo mimi mwenyewe sijapakanyaga."

Ndipo ukaanza kucheza. Jukwaa likishafungwa nati ya mwisho na kupimwa kwa pimamaji, ulivua viatu ukalicheza lote, ubao kwa ubao, kuanzia pembe ya nyuma hadi ukingo wa mbele. Shemeji, mumeo, alikuwa chini amelala chali na spana mkononi, akisikiliza. Mlikubaliana msisemezane, kwa kuwa mkisemezana mtagombana, na hilo sisi sote ni mashahidi. Akigonga ubao mara moja, endelea. Akigonga mara mbili, simama, kuna kilicholegea. Ukimaliza, unapiga kisigino mara tatu, naye anajibu tatu kutoka chini: kazi imekwisha, tukale.

Miaka ishirini na miwili, Dada. Sisi wengine tulikuona ukicheza. Yeye peke yake hakuwahi kukuona.

Hata Chiriku alikuja kwa sababu ya miguu hiyo. Mwimbaji yule hahitaji kutambulishwa, ila mguu wake unahitaji. Aliwahi kupandishwa jukwaa la watu wengine, ubao ukakatika, akakaa miezi minne na plasta, na mpaka leo anachechemea kidogo akichoka. Wanamuziki wengine mikataba yao inadai taulo nyeupe na maji ya chupa ya aina fulani. Wake uliongezwa sharti moja tu: "Tani acheze kwanza." Ulikuwa ukilisoma kwa sauti kila unapopata mgeni.

Sasa turudi mwaka huu. Baada ya kukuzika, Shemeji aliitia spana yake sandukuni, akafunga kufuli. Jamaa wa kampuni nyingine walikuja kutazama malori na mabomba, wakapiga teke matairi kama wanunua ng'ombe, naye akawa anaitikia tu kwa kichwa. Mafundi kumi na wanne waliingoja kauli yake ukutani kwa ofisi, mmoja mmoja akiulizia kazi mahali pengine kwa sauti ya chini. Aliyesimama katikati ya mlango ni kifungua mimba wako, yule wa kushika simu na mikataba, mwenye kucha zilizopakwa rangi.

"Funguo sitoi," alisema.

"Mwanangu, nani atacheza?" Shemeji akamuuliza.

"Sijui. Lakini Mama alishatia saini tamasha la siku tatu, na Chiriku ndiye wa kufungua. Hilo kwanza, Baba."

"Hilo," akasema, "halafu basi."

Tukajenga. Asubuhi ya ufunguzi jukwaa lilikuwa limesimama, boriti zimenyooka, mkaguzi amelipitisha na kutia sahihi. Saa sita mchana Chiriku akafika na basi lake. Akakaa juu ya sanduku lile lile ulilokuwa ukilalia, akanyoosha mguu wake mbovu, akalitazama jukwaa kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

Meneja wake, yule anayevaa miwani ya jua hata msalani, alianza kubembeleza. "Dada yangu, ubao ni ubao. Mkaguzi amekubali, karatasi hii hapa."

"Karatasi haijawahi kuvunjika mguu," Chiriku alimjibu. Kisha akatugeukia sisi, kwa upole kabisa. "Ndugu zangu, na mimi nimempoteza. Lakini mguu huu hauelewi msiba. Nipeni mtu acheze. Ikifika saa tisa hajapatikana, napanda basi."

Promota wa tamasha akasogea pembeni na simu yake. Tulimsikia akiulizia jukwaa la kukodi. Unajua maana yake, Dada: siku ile ile, mbele ya kila mtu wa kazi hii, jina lako lingeng'olewa uwanjani pamoja na mabomba yake.

Shemeji alifungua sanduku, akachukua spana, akaingia chini. Mimi nikapiga moyo konde nikavua viatu, nikapanda. Nikacheza, Dada. Nilicheza nikasikia mbavu zinahesabiana. Chini kimya. Sio mara moja, sio mara mbili. Hatimaye kichwa chake kikachomoza.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Shemeji."

"Nilidhani kuku. Leteni mtu."

Tukapanda watatu, mimi, kifungua mimba wako na kitinda mimba wako, anayefunga taa za jukwaa. Tukaongeza fundi sauti na dereva wa lori. Tulipofika wanane tukawa na uzito wako na chenji juu, tukaruka kwa pamoja kama tunapigwa na umeme. Shemeji akatoka tena, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Hilo ni soko," akasema. "Nasikia miguu kumi na sita, na hakuna hata mmoja unaouliza kitu."

"Mzito kuliko sisi utampata wapi, Baba?" kitinda mimba akauliza huku akihema.

"Nani kakwambia ni uzito? Mama yako alikuwa akirudi palepale alipopatilia shaka. Anakanyaga, anaondoka, anarudi. Kila ubao naujua alivyoukanyaga."

Kifungua mimba akamtazama. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Kila ubao?"

"Kila ubao."

"Basi leta hiyo spana, Baba. Panda juu."

Alikataa. Alisema ana magoti. Alisema yeye ni mtu wa chini, hajawahi kusimama mbele za watu hata siku ya harusi yake, jambo ambalo ni kweli, maana alisimama nyuma yako na hakuna aliyemwona. Kifungua mimba hakujibizana naye. Alimnyang'anya spana, akavua viatu vyake vya ofisini, akajitosa chini ya jukwaa na blauzi yake nyeupe. Tukabaki tunamtazama baba yake.

Shemeji akapanda. Akasimama pembe ya nyuma kulia, akavua viatu, akavipanga sawasawa.

"Shemeji, Dada alikuwa akianzia kushoto!" nikamwambia.

"Kwangu mimi niliyelala chali ni huku," akajibu. "Usinichanganye."

Na akacheza, Dada. Alilicheza jukwaa zima kinyume, kulia kukiwa kushoto, lakini ubao kwa ubao. Ule mruko wako mdogo kwenye maungio ya boriti, upo. Kule kuburuza unyayo ukishuku msumari, kupo. Hata ile mikanyago miwili ya haraka uliyokuwa ukiitia mbele ya sehemu ya ngoma, ambayo sisi tulidhani ni madoido, aliitia mahali pake. Miguu ilikuwa yako tupu. Mikono ndiyo yake, imening'inia kama ya mtu aliyesahau kitu nyumbani, kwa sababu mikono yako hakuwahi kuisikia.

Mafundi waliacha kazi. Promota akaishusha simu. Kutoka chini tukasikia spana: moja. Akasogea. Moja. Akasogea. Safu ya tatu kutoka mbele, mahali hasa pa kusimama mwimbaji, akakanyaga, akaondoka, akasita. Akarudi.

Mbili.

Akasimama mguu mmoja hewani. Humo chini tukasikia binti yako akinong'ona na chuma, nati ikilia ikikazwa, kisha mguno, kisha neno moja ambalo ulimfundisha wewe na hatuwezi kuliandika hapa. Shemeji akakanyaga upya.

Moja.

Chiriku alikuwa ameshasimama.

Alipofika ukingoni Shemeji alipiga kisigino mara tatu. Kimya. Tulimwona akitazama ubao chini ya miguu yake. Kumbe binti yako alikuwa akifuta macho kwa mkono wenye grisi, ndiyo maana jicho lilikuwa jeusi alipotoka. Kisha zikaja, taratibu, moja, mbili, tatu.

Chiriku alilisogelea jukwaa. Alipanda ngazi akitanguliza ule mguu mbovu.

Saa kumi na moja, jua bado lipo, uwanja umejaa mpaka kwenye uzio. Kabla ya wimbo wa kwanza, kabla hata ya kusalimia, Chiriku alikwenda safu ya tatu, akapiga kisigino mara tatu. Watu wakadhani ndio mdundo wa wimbo mpya. Wakamjibu. Maelfu ya miguu, Dada, tatu kwa mpigo, ardhi ikatikisika hadi chai ikamwagika kwenye hema la mafundi. Akarudia, wakarudia kwa nguvu zaidi. Hakuna hata mmoja wao aliyejua anamwitikia nani. Sisi tulijua. Shemeji alikuwa amesharudi mahali pake chini, na anaapa kwamba na yeye aligonga tatu. Kwa kelele zile hakuna aliyemsikia, lakini tumemwamini.

Jukwaa halikutoa hata mlio. Siku tatu.

Malori hayakuuzwa. Wale jamaa wa kupiga teke matairi walikuja tena, wakakuta yamepakwa rangi mpya na ubavuni yameandikwa TANI, kwa herufi nyekundu kama uzi wako. Mafundi kumi na wanne sasa ni kumi na tisa, na gunia la viatu limebidi liongezwe. Mwezi ujao tunaondoka na Chiriku kwa ziara ya miji minane. Sharti la mkataba wake limebadilishwa kidogo tu: "Familia ya Tani icheze kwanza."

Binti yako ndiye wa chini sasa. Kucha bado anapaka, anasema rangi inamsaidia kuona spana gizani. Juu anacheza baba yake, na sharti lake ni aanzie upande wake. Mikono ndiyo bado. Namfundisha kila Jumapili sebuleni, nimwonyeshe ulivyokuwa ukiitupa. Mchezaji mbaya husingizia uwanja. Yeye anasingizia mabega. Lakini juzi alitupa mkono mmoja, wa kulia, vile vile kama wewe, akashtuka mwenyewe, akauliza, "Alikuwa anafanya hivi?" Nikamwambia ndiyo. Akaurudia mpaka chakula kikapoa.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye sasa anajua soksi zilipo. Mama yetu, ambaye bado anadai zulia lake. Kifungua mimba wako wa spana na kitinda mimba wako wa taa. Mimi mdogo wako, kuku. Wakwe, wapwa na mashemeji. Mafundi wote, pamoja na yule wa besi. Na Chiriku, aliyesema tumwandike kwenye orodha ya ndugu.

Pumzika, Dada, kwa usingizi ambao safari hii huwezi kuukana. Sisi tutakukumbuka ubao kwa ubao, na kila jukwaa likisimama tutapiga kisigino mara tatu.