Mstari wa Saba wa Njahi

Kwako Shangazi Murugi,

Nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku yetu ya kuandikiana na sijui nitaandika nini, na jambo hili siwezi kumwambia mtu yeyote hapa Nyeri maana wote wanakula kwangu. Majina nimeyabadilisha. Hesabu sijabadilisha.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wa kwanza Mutahi, na niko na hoteli hapa mjini, meza kumi na nne, niliyoianza mwaka wa 1986 na sufuria mbili na benchi moja, bila mtu wa kunishika mkono, na leo napika kilo kumi na mbili za njahi, hayo maharagwe yetu meusi, kila siku isipokuwa Jumapili, na ikifika saa tisa sufuria imebaki harufu tu. Sikwambii hivi kwa kujigamba, nakwambia ili ujue mimi si mtu wa kubahatisha, mimi napima, hata chumvi napima.

Sasa, tuko wanawake saba tuliomaliza shule ya upili pamoja mwaka wa 1978, na mwaka jana Peris, ambaye ofisi yao Nairobi ina kompyuta, alitutafuta mmoja mmoja akatuunganisha kwa hizi barua za kompyuta wanazoita imeli, ukiandika moja inawafikia wote saba mara moja, tukakubaliana kwamba kila Ijumaa mmoja wetu atatuma chakula kimoja anachokipenda, kitu rahisi, vitu visivyozidi vinane, ambacho mtu anaweza kupika akitoka kazini amechoka. Sheria ilikuwa moja tu, usifiche. Mimi sina kompyuta, natumia ya mzee Theuri, aliyestaafu kazi ya simu akafungua duka la fotokopi, yeye ndiye huniandikia na kunitolea majibu kwa karatasi, na huyasoma kabla yangu, siku nyingine naingia ananiambia supu ya viazi ya wiki iliyopita mkewe ameipenda lakini amezidisha dania.

Shangazi, hizo barua ni tamu, miaka mingi nilikuwa sijacheka namna hiyo. Peris, na masomo yake yote, alitutumia namna ya kuchemsha yai, mistari mitano, tukamcheka wiki mbili, mpaka mmoja wetu akaandika kwamba amefuata maagizo lakini kuku wake amekataa kutoa ushirikiano. Mtu akiwa na shida anaandika habari ya sukuma wiki na katikati ya kitunguu na nyanya unaona shida yake imejitokeza, na Ijumaa ya pili kila mtu amemjibu.

Kilichoniharibu ni chapati za boga. Nilizituma mwezi wa Machi, na kipimo cha unga na dakika za kuacha donge lipumzike, zote. Mwezi wa Juni nilikuwa napita Sagana nikaona mlangoni kwa Jeniffer, huyo ni mmoja wetu na ana hoteli pale njia panda, bango jipya la rangi nyekundu, CHAPATI ZA BOGA, ASILI YAKE NI HAPA. Asili yake ni hapa, Shangazi, na yeye boga ndani ya chapati alilisoma kwa barua yangu. Nikaingia nikala mbili, zilikuwa nzuri, hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, naye akanikumbatia mbele ya wateja akasema nimemwokoa, akakataa nilipe. Sikumwambia neno. Nilirudi nyumbani nimeapa kwamba chakula changu kingine hakitatoka Nyeri kikiwa na miguu yake yote minne, lazima mmoja ubaki kwangu.

Sasa kuna Njoki. Njoki yuko Amerika, Boston, mwaka wa kumi na tatu huu, na Agosti mwishoni alijifungua mtoto wake wa kwanza, msichana, akiwa na miaka thelathini na tisa, baada ya kungoja mpaka sisi wengine tukaacha kumuuliza. Mama yake alifariki mwaka wa 1994 na Njoki hakuweza kuja kuzika kwa sababu ya makaratasi. Na huyo mama ndiye aliyenifundisha kupika njahi. Kila Desemba tukiwa shuleni nilikuwa nalala kwao Gakindu, tukichuma kahawa nipate karo, na jioni Njoki anasoma vitabu vyake, kwa sababu mama yake alisema kichwa cha Njoki ni cha vitabu, mimi naingia jikoni. Miaka mitatu, Desemba tatu, nikisimama kando ya sufuria hiyo.

Unajua kwetu mwanamke akijifungua hupikiwa njahi, na anayempikia ni mama yake. Njoki hana wa kumpikia. Akatuandikia sote, "Dada zangu, nani anakumbuka njahi ya maitu, mama yangu? Watiri, wewe ulikuwa jikoni." Watiri ndiye mimi.

Nikaandika kwa karatasi hatua zote, zilikuwa tisa, kulowesha usiku kucha, kumwaga maji ya kwanza, saa mbili na nusu kwa makaa, ndizi nne zilizoiva sana, zote na vipimo vyake kwa vikombe viwili vya njahi, nikampelekea mzee Theuri nikawa namsomea naye anachapa kwa vidole viwili. Nilipofika ya saba nililiona lile bango jekundu, maana kinachoenda kwa Njoki kinaenda Sagana pia, nikamwambia aruke hiyo. Na ili pengo lisionekane nikamwambia ya nane aiite saba na ya tisa aiite nane. Mzee alinitazama juu ya miwani akasema, "Mama Mutahi, wewe ndiwe unajua njahi yako," akabonyeza ikaenda. Huo mstari wa saba ndio njahi yenyewe, Shangazi, hayo mengine kila mtu anajua. Sitauandika hapa kwa sababu gazeti lako linafika Sagana.

Njoki alikuwa amepelekewa njahi na mtu wa kwao ndani ya sanduku la nguo, vikombe vinane. Ijumaa iliyopita ameandika hivi, na karatasi ninayo hapa: "Nimepika mara tatu, nikapima kila kitu kama Watiri alivyosema. Ni njahi nzuri lakini si ya maitu. Nafikiri makosa si ya njahi. Nafikiri mimi nimesahau ladha ya mama yangu. Nimebaki na vikombe viwili, sitavipika, nitaviweka tu."

Wote wakamwandikia kumtuliza, Jeniffer akamwambia ni maji ya Amerika, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mzee Theuri aandike, "Kweli, ni maji."

Sasa niambie. Nikituma mstari huo kwa wote, kufika Desemba kutakuwa na bango la pili Sagana, na njahi ndiyo inashikilia hoteli yangu, katika kila sahani kumi zinazotoka jikoni sita ni zake, ukutani nimechora kwa herufi kubwa NJAHI YA MAMA MUTAHI. Nikimtumia Njoki peke yake atajua nilimficha, na Njoki hajui kukaa na siri, atawaambia wote kwa furaha. Nikisema nilisahau, nani atakubali, mtu anayepika kilo kumi na mbili kwa siku anasahauje? Na nikinyamaza ataviweka hivyo vikombe viwili juu ya kabati na kujiona mtoto aliyemsahau mama yake. Nimepiga hesabu kila upande na kila upande kuna mtu ananipungukia. Sikutaka kumuumiza Njoki. Nilikuwa nalenga Jeniffer.

Ni mimi Niliyeruka,
Nyeri.


SHANGAZI MURUGI ANAJIBU

Wewe Uliyeruka,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta huo mstari wa saba. Haupo. Umenijazia kurasa nne kutubu kwamba ulificha, na mimi pia umenificha. Dada, hiyo tabia imekushika pabaya.

Nakuhurumia, nikuambie ukweli. Mtu aliyeanza na sufuria mbili na benchi hulala akiogopa kuamka akute sufuria ziko kwa mwingine, na waliozaliwa ndani ya duka la baba yao hawawezi kuelewa hofu hiyo. Hofu yako naielewa. Ningekuwa na chapati za boga na mtu azibandike kwa mlango wake, mimi pia ningenuna, na pengine nisingekula hizo mbili.

Lakini tusidanganyane. Kuruka mstari ni hofu, mtu anaweza kuruka kwa hofu. Kupanga nambari upya kunahitaji kichwa kilichotulia, na chako kilikuwa kimetulia sana siku hiyo, hata mzee Theuri alikiona. Na hilo la maji ya Amerika, hapo sina neno la kukutetea, usinitafutie.

Sasa tuangalie hayo maandishi mawili, lake la mlangoni na lako la ukutani. Jeniffer alichukua chapati yako akaandika asili yake ni hapa. Wewe ulichukua njahi ya mama mmoja wa Gakindu ukaichora ukutani kwamba ni ya Mama Mutahi. Umeniambia mwenyewe kwa mkono wako, na sidhani uliona ulichokuwa unaandika. Mimi tofauti naiona ni ya rangi tu. Tena Jeniffer alikushukuru mbele ya wateja. Wewe uliwahi kumwambia Njoki kwamba meza zako kumi na nne zimesimama juu ya sufuria ya mama yake? Barua yako ina hesabu za kila kitu lakini hiyo sikuiona.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi piga hii. Karani wa Nyeri anatoka ofisini saa saba na saa nane anatakiwa awe amerudi kwa meza yake. Ataenda Sagana kula njahi saa ngapi? Jeniffer akipika njahi hiyo mpaka mwisho wa dunia, wateja wako wanaobanwa na saa moja ya chakula watabaki kwako. Unalinda mlango ambao hakuna mtu anaugonga, na aliyefungiwa nje ni mwanamke mwenye mtoto mchanga.

Fanya hivi, na usingoje Ijumaa. Nenda kwa mzee Theuri ukamwambie atume kwa Njoki peke yake, anajua namna. Neno la kwanza liwe "Nilificha." Usianze na habari za boga, Jeniffer asitajwe kabisa, hiyo ni kesi nyingine. Usiseme ulisahau, na ule uongo wa maji ufute kwa mstari wake. Halafu andika hatua zote tisa kwa nambari zake za mwanzo, na umwambie vikombe viwili alivyobaki navyo vinatosha sufuria moja kamili, kwa sababu wewe ndiye uliyepima na unajua vinatosha.

Wale wengine watano wapewe au wasipewe, hilo si lako kuamua, na si langu. Njahi ni ya mama yake. Muulize, "Unataka kundi lipate?" Akisema ndiyo, Ijumaa hiyo hiyo itume kwa wote, Jeniffer akiwemo, na ukae kimya kama mtu mzima. Akisema hapana, umepona bila kustahili. Rangi ya ukuta haina bei kubwa, tafuta mchoraji aongeze jina la huyo mama juu ya lako. Na Jeniffer, siku ukipita Sagana, mwambie uso kwa uso kwamba bango lake lilikuuma. Mtu aliyekataa ulipe chapati zake hatakosa kukusikiliza. Miezi minne umemnunia na yeye hajui hata amekosa nini.

Njoki atakasirika. Ana haki. Pengine Ijumaa mbili hatakuandikia. Wewe mwandikie, zote mbili.

Lakini kuna kitu kimoja lazima kiwe ndani ya barua hiyo ya kwanza, hata ukisahau mengine yote niliyosema. Huyo mtoto wa watu anaamini amesahau ladha ya mama yake. Mweleze kilichotokea: mara tatu aliwekewa njahi iliyopungua mstari mmoja, na mara tatu ulimi wake uliikataa, ng'ambo huko, baada ya miaka kumi na tatu, wakati kila mtu alikuwa anamwambia ni maji. Wewe unayepika kilo kumi na mbili kwa siku unajua ni watu wangapi wangeweza kuonja tofauti hiyo. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno yako. Hajasahau. Na wewe ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumthibitishia, kwa sababu ni wewe uliyeutoa huo mstari.

Sijui mzee Theuri anafungua saa ngapi. Uwe mlangoni kabla yake.