Ufunguo wa Ukumbi wa Igoma

Jumatatu, 6 Machi 1995

Watu watatu kabla sijamaliza chai. Fundi baiskeli kutoka Ukerewe anatafuta kwaya. Sauti nene, watamgombania. Nimempeleka kwa Walutheri wenzangu. Mama mmoja wa nguo za mitumba anataka wenzake wa biashara. Mwingine ameachishwa kazi kiwandani na hataki chochote, anataka tu mahali pa kukaa na watu mchana, nyumbani kumemshinda. Huyo nimempeleka kwa wasuka mikeka. Alikuwa karibu kulia. Nami nilikuwa karibu kuchelewa.

Hii ndiyo kazi yangu na ninaiweza. Igoma inajaa kila wiki. Aliyepunguzwa kazi mjini, aliyeshindwa na pamba kijijini, wote wanakuja kujenga vyumba viwili na kibanda cha biashara kando ya barabara ya Musoma. Hawajuani. Mimi ninawajuanisha. Bibi Maendeleo, ndivyo wanavyoniita. Jina langu sidhani kama wanalijua.

Ukumbi nimeufunga leo. Jumamosi anakuja mgeni wa wafadhili kuutazama. Akiridhika tutapata paa jipya na vyoo. Basi kuta zimepigwa chokaa, mabenchi yamepangwa, na vitu vya chama cha kufa na kuzikana, yaani turubai, mikeka na sufuria zao kubwa, nimevisukumia stoo visionekane. Nimetangaza kwa kila kikundi: ufunguo hautoki mpaka mgeni aondoke. Uko kwenye mkoba wangu.

Jumanne, 7 Machi

Kwaya wananung'unika. Wamefanya mazoezi kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, wakimeza unga. Wasuka mikeka hawakukutana kabisa. Wiki moja tu, wavumilie. Enzi zile watu walibeba mawe ya ukumbi huu vichwani kutoka mlimani, leo kukaa nje siku chache wanalalamika. Ni kweli mimi sikubeba hata jiwe moja. Sikuwa huku.

Nimekutana na Mama Kulwa barabarani na beseni lake la mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani wakishakata minofu ya kupeleka Ulaya. Yeye huikaanga na kuiuza. Walikuja Januari kutoka Usagara, yeye, mumewe na watoto wao pacha. Ukoo wa mume uliwanyang'anya shamba, hawasemeshani tena. Siku ya kwanza alipokaa ofisini kwangu hakuuliza habari za biashara wala za shule. Aliuliza kitu kimoja. "Nikifiwa hapa, nitazika na nani?" Nikamwambia Igoma hutazika peke yako, mimi nakuhakikishia. Nikamwingiza kwenye chama cha kufa na kuzikana siku hiyo hiyo. Alinishika mikono miwili. Nilijisikia mtu mkubwa.

Mimi mwenyewe sijajiunga. Kazi nyingi. Misibani ninatuma mchango kwa mtu.

Leo kaniambia mumewe ana homa, haishuki. Nikamwambia pole, ampeleke hospitali. Nilisema nikitembea.

Alhamisi, 9 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimebaki nyumbani niandike taarifa ya mgeni, kwa Kiingereza, kurasa nzima juu ya ushirikishwaji wa wananchi. Wafadhili siku hizi wanalipenda hilo neno kuliko sala.

Saa nne hodi. Mzee Masanja, balozi wetu wa nyumba kumi. Nilikuwa na kanga moja, karatasi zimejaa meza nzima. Sikufungua mlango. Nilimwamkia kupitia wavu wa dirisha. Akaitika marahaba, akasimama pale na mfuko wa nailoni kichwani, maji yanamtiririka. Akasema anaomba ufunguo wa ukumbi. Nikamwambia mzee, nilishasema, hautoki mpaka mgeni aondoke. Aliutazama mlango, kisha mimi. "Haya, mama." Akaondoka.

Kwaya wamemtuma. Wanajua kwa mzee nitalegea. Silegei.

Ijumaa, 10 Machi

Mjini kutwa. Taarifa imechapwa, inapendeza. Ziwa upande wa bandarini limefunikwa magugu, ungedhani ni shamba. Nimenunua viatu vyenye visigino kwa ajili ya kesho.

Nimerudi jioni, barabara kimya. Mama wa vitumbua hayupo, kibanda cha soda kimefungwa. Nimefurahi kwamba hakuna aliyenisimamisha.

Jumamosi, 11 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na mabenchi.

Saa tatu nilifungua ukumbi. Mabenchi yamenyooka, chokaa inang'aa, maua kwenye kopo mezani. Saa nne gari la mgeni likafika. Yeye na dereva wake tu. Ndani ya ukumbi, mimi tu. Si kwaya, si wasuka mikeka, si akina mama wa mapanki. Hakuna mtu.

Tulingoja. Nilitoka mlangoni mara nyingi mpaka nikaona aibu kutoka tena. Mwishowe nikamwambia mgeni kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba watu wetu bado ni wagumu, hawajaelewa umuhimu wa kukutana. Nilisema hivyo, mimi. Nilitikisa na kichwa.

Dereva, mtu mzima, Msukuma, akanisogelea taratibu. "Mama, kule tulikopita kuna msiba. Watu wengi sana, wamekaa kwenye mvua. Nadhani watu wako wako huko."

Mgeni akauliza dereva anasema nini.

Nikamjibu anasema barabara ina tope.

Dereva alinitazama. Kiingereza anakijua, anaendesha wazungu kila siku. Akaenda kukaa kwenye gari.

Mgeni akapiga picha za mabenchi. Akasema ukumbi ni safi sana. Akaondoka kabla ya saa sita.

Nilikwenda na viatu vile vile. Sikuuliza njia, nilifuata watu waliokuwa wakirudi kutoka makaburini. Walinifikisha kwa Mama Kulwa.

Mumewe alifariki Alhamisi alfajiri. Wamezika leo asubuhi. Siku tatu zile watu wamekaa uani bila turubai. Wanaume kwenye mawe na ndoo zilizopinduliwa, wanawake chini kwenye magunia, matope mpaka magotini. Wamepika kwa sufuria walizoazima kwa jirani zetu wa msikitini. Turubai lao walilichangia wenyewe. Lilikuwa stoo, kavu, na ufunguo ulikuwa mkobani kwangu ukigongana na rangi ya midomo.

Hapo ndipo nilipomwelewa Mzee Masanja. Habari ya kifo haisemwi dirishani. Mtu anakaribishwa, anaketi, anatulia, ndipo anasema. Kwetu Bukoba ni hivyo hivyo, nimelelewa hivyo. Alisimama kwenye mvua akingoja nimwambie karibu. Sikumwambia.

Hawakunigombeza. Heri wangenigombeza. Nilipoingia uani, Mama Bahati, mwenyekiti wa chama, aliinuka, akaingia ndani akatoka na kiti. Nadhani ndicho kiti pekee nyumba ile. Akakifuta kwa kanga yake, akakiweka kando. "Karibu Bibi Maendeleo." Nikakaa. Wanawake wote chini, mimi juu, visigino vyangu vinazama kwenye tope. Mama Kulwa alikuwa kaketi ukutani, kajifunika. Alinipa mkono. Akasema ahsante kwa kuja.

Ahsante.

Ufunguo sikuutoa mkobani. Niliona aibu kuutoa. Mpaka sasa ninao.

Jumapili, 12 Machi

Sikwenda kanisani. Kwaya wangekuwa wananitazama kutoka mbele.

Ninajichukia. Si kwa kutojua tu. Kwa lile la dereva. Nilikwisha kujua, na nikasema tope.

Jumatatu, 13 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Masanja kabla ya kazi. Alinikaribisha ndani, akanipa kigoda, akamwita mkewe alete uji. Alifanya yote ambayo mimi sikufanya. Nikamwomba radhi. Nikamuuliza, nilijua ni ujinga lakini niliuliza, kwa nini hakuniambia tu.

"Ningekuambia nimesimama nje, kama ninauza dagaa?"

Kisha akasema amenisamehe, mvua haijamuua. Lakini yeye siye aliyefiwa.

Nikampa ufunguo. Akakataa kuupokea. Ameniambia nipeleke kwa wenye vitu. Sikuweza leo. Nilifika kwenye kona ya mashine ya kusaga, nikasikia sauti zao, nikageuka. Mtu mzima mimi, najificha nyuma ya mashine.

Alhamisi, 16 Machi

Wameanua matanga leo. Nilikwenda, na viatu vya kila siku. Nilimpa Mama Bahati ufunguo mbele ya wote, nikasema nilikosa, ukumbi ni wenu, sitaushika tena. Maneno machache, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani na bado yalinikwama. Aliupokea akaufunga kwenye pindo la kanga. Akasema tumesikia. Basi.

Nikamfuata Mama Kulwa. Nilitaka kumwambia lile la Januari, kwamba nilimhakikishia. Akaniwahi. Akasema sikuzika peke yangu, Bibi Maendeleo, watu walikuwepo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwondolea mwenzake wasiwasi. Ni kweli, watu walikuwepo. Niliyekosekana ni mimi.

Wakaniletea kile kile kiti.

Nilitaka kukataa nikae chini na wenzangu. Nikaogopa wangedhani naigiza. Nikakaa kitini, nikala wali wangu kwenye sahani ya kioo. Wao walikuwa wanakula pamoja kwenye sinia.

Jumatano, 29 Machi

Juzi ilifika taarifa kutoka ofisini mjini. Mgeni ameridhika sana. Paa na vyoo vitakuja. Na kwa kuwa aliona mabenchi ni ya zamani, ataongeza viti vya plastiki vya kujaza ukumbi mzima.

Viti! Nilicheka peke yangu ofisini, cheko baya. Karani akachungulia kuona kuna nini.

Nimewaandikia kwamba siku ya ugeni ule watu hawakuwepo kwa sababu walikuwa wanazika, na kwamba dereva alisema hivyo nami nikatafsiri vingine. Leo bosi amenipigia simu akiuliza kama naumwa. Nimesema hapana. Amesema barua hiyo haitakwenda popote, nisimharibie kazi. Basi paa litakuja, na sifa zake zitakuwa zangu.

Akina mama wanakutana tena ukumbini. Nimepita leo, mlango wazi, sauti zao mpaka barabarani. Walinisalimia vizuri. Wananisalimia vizuri kila siku. Mtu hawezi kulalamika kwamba anaheshimiwa, lakini inauma.

Alhamisi, 6 Aprili

Mvua kidogo asubuhi, kisha jua.

Amekuja mama mmoja muuguzi, kahamishwa kutoka Musoma. Hana ndugu huku. Ametafutiwa chumba, bado watu. Nikaanza wimbo wangu wa siku zote: wapo wa kwaya, wapo wa mikeka, wapo wa mapanki, kipo chama cha kufa na kuzikana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, mimi niko kipi, maana angependa kuanza mahali ambapo kuna mtu anayemfahamu.

Nilipekua karatasi mezani kana kwamba jibu liko humo. Nimekaa Igoma miaka yote hii. Nikamwambia hakuna.

Tukatazamana. Sikumbuki mara ya mwisho kuona haya mbele ya mgeni niliyepaswa kumsaidia. Nikamwambia leo Alhamisi chama kinakutana kwa Mama Kulwa, mfiwa asikae mpweke. Kama anataka, twende tukaombe wote wawili.

Tulikwenda kwa miguu. Nilikuwa na moyo wa mtoto anayepelekwa shule mpya.

Walikuwa uani, mikeka imetandikwa, wanachambua mchele. Mama Bahati akanyanyuka. Nikajua anafuata kiti. Nikasema haraka, kabla ujasiri haujaniisha, kwamba sikuja kikazi. Kwamba tumekuja wageni wawili, tunaomba kujiunga.

Mmoja akakohoa. Mama Bahati alisimama pale pale, hakwenda ndani wala hakukaa. Alimtazama Mama Kulwa. Wote walimtazama yeye. Naye aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe kimoja, akakitupa pembeni. Nilikitazama kijiwe kile kikianguka.

Kisha akasogeza ungo wake, akavuta kanga yake ubavuni, nafasi ikapatikana.

"Vueni viatu," akasema. "Mkeka wenyewe bado mpya."

Nikavua. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, wote waliliona. Nikakaa. Nikapewa ungo.