Kona ya Kozi Kumi na Nane

Runzewe, Jumatatu alasiri, Oktoba 1996

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii, lakini wewe hukuwahi kushika mwiko kabla ya kusalimia, hata kama mbele yako palikuwa na ukuta tu. "Mwangaluka," ulikuwa ukiuambia kwa Kisukuma kila asubuhi, wapita njia wakicheka. Siku hizi nauamkia mimi. Wanacheka vilevile.

Jana nilikwenda Kahama kutazama filamu. Mama Nurbanu wa duka la vitambaa, yule uliyemjengea ghala, alimpa kondakta wa basi ujumbe kwamba mwanawe aliyeko ng'ambo amemletea kanda ya video, na nisipofika Jumapili atanuna. Nilipofika alinikalisha mbele ya televisheni, akaweka chai na sahani ya bajia, akasema, "Kaa hapa, Limi. Leo utawaona wenzake baba yako."

Baba, ilikuwa filamu ya vitofali vyetu. Vile vya plastiki, vya kubananisha, vyenye vinundu juu. Na watu waliokuwa wakivichezea si watoto! Kuna mzee mwenye mvi anayevitenga kwa rangi kwenye madroo, kama wewe ulivyovitenga kwenye makopo ya maziwa ya unga. Kuna daktari wa meno aliyejenga kanisa lenye kengele. Kuna mabibi wawili waliogombana kabisa juu ya paa. Kila mwaka wanakutana ukumbini wanajenga mji mzima, na garimoshi linapita katikati. Kiingereza chao ni cha haraka, nusu yake ilinipita, Mama Nurbanu akawa ananitafsiria huku anatafuna. Lakini yule mwenye mvi alipokishika kitofali, akakigeuza na kukipima kwa jicho moja kabla ya kukibana, sikuhitaji kutafsiriwa. Nililia, Baba. Mama Nurbanu akanisogezea bajia.

Miaka yote hiyo nilidhani ni wewe peke yako.

Unakumbuka Mama Nurbanu alivyokupa kopo la kwanza la vitofali? Ghala limekwisha, wanawe wamekwenda kusoma nje, akasema, "Mpelekee Limi." Nilikuwa Kidato cha Pili, nikaona aibu kupewa midoli. Ukalichukua wewe. Mafundi wenzako walikuwa wanakimbilia machimbo ya dhahabu, wewe jioni unakaa mezani unapanga kona. Fundi Shija akakubatiza jina. "Mzee Chekechea! Umelala na midoli yako?" Nawe ukamjibu, "Nimelala na kona, Shija. Ya kwako ya juzi naona imelala yenyewe." Kijiwe kizima kilicheka, kwa sababu kona yake ilikuwa imeanguka kweli.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Wageni wakija, mimi ndiye niliyekuwa nalisukuma kopo chini ya kitanda. Ulikuwa unalitafuta, nami nakusaidia kulitafuta.

Nilipomaliza Kidato cha Nne na kukosa nafasi ya kuendelea, hukuniuliza nitafanya nini. Uliniita mezani. "Kiungo kisikae juu ya kiungo," ukasema, na hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza. Kila nilipomaliza kona nzuri nikataka kumwonyesha Mama, ulisema, "Bomoa, tuone kama umeelewa." Nilikuwa nakuchukia kwa neno hilo.

Sasa nikueleze habari za jengo la chekechea, maana najua ndilo unalolisubiri.

Uliliacha kwenye kozi ya saba, safu ya saba ya matofali. Juu ya kabati uliacha mfano wako wa mwisho, kona na nafasi ya mlango, ulioujenga ukiwa na homa. Tangu tukuzike Februari sikuugusa. Mama anafuta vumbi kuuzunguka. Kamati ya wazazi ilikaa, mwenyekiti Mzee Mabula akasema, "Marehemu tunamheshimu. Lakini binti na mwiko, tutaona." Wakaniachia mlango mmoja. Fremu ikikaa sawa, namaliza jengo kabla ya mvua. Isipokaa, kazi anapewa Shija.

Nilihesabu kozi za mfano wako. Kumi na nane. Nikachukua daftari langu, nikaandika tarehe juu, nikapiga hesabu: mlango futi saba, yaani inchi themanini na nne. Tofali letu inchi nne. Jibu ishirini na moja. Nikarudia mara tatu, ikaja hiyohiyo. Nikasema moyoni, masikini Baba, homa ilimchanganya. Nikaandika daftarini: "Baba amekosea kozi tatu." Nikajenga ishirini na moja, bila kupima kwa utepe, kwa kuwa hesabu ilikuwa safi.

Seremala alipoleta fremu na kamati yote ikiwa pale, juu yake palibaki pengo la zaidi ya futi moja. Mbuzi angepita.

Ndipo nikaelewa. Vitofali vya plastiki havina udongo katikati, nami kuhesabu nilijifunzia mezani. Ukutani kila kozi inakaa juu ya udongo wake, na udongo nao una unene. Wewe ulikuwa umeshautoa kwenye hesabu. Ukiwa na homa, bila kalamu.

Ningeweza kumsingizia seremala, na nilifikiria hivyo kwa muda. Kisha nikawaambia: baba aliacha kumi na nane, mimi nikamwona amekosea, nikaongeza tatu. Mzee Mabula aliutazama ukuta, akanitazama. "Kwa hiyo aliyeko kaburini ndiye aliyepatia?"

"Ndiye, Mzee."

"Basi shusha hizo tatu, uendelee kumsikiliza."

Wakacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Na unajua nani alipanda kunisaidia kuzishusha? Shija. Tulifanya kazi hadi kozi ya mwisho, ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Hilo kopo lenu siku hizi mnaliweka wapi?"

Fremu ilikaa. Linta, boriti ya kubebea ukuta, imeshapita juu ya mlango. Wamenipa jengo lote.

Lakini mfano wako niliendelea kuuacha juu ya kabati. Niliogopa kwamba nikiubomoa, hakutakuwa na kitu tena ambacho vidole vyako vimekibana. Jana, mwisho wa filamu, wale watu walibomoa mji wao. Kanisa, stesheni, nyumba zote. Walivirudisha vitofali kwenye masanduku wakitaniana, na yule mwenye mvi anapiga mluzi. Hakuna aliyelia ila mimi, kule Kahama.

Leo niliporudi niliushusha mfano, nikaubomoa. Kozi ya chini ulikuwa umeikaza mno, nikatumia meno, ingawa ulikuwa unanikataza. Kisha nikaujenga upya bila kutazama popote. Mama alisimama mlangoni na ungo wake, akahesabu kwa sauti. Kumi na nane.

Nimefungua daftari pale nilipoandika kwamba umekosea. Sikufuta. Nimeandika chini yake, kwa tarehe ya leo: "Alipatia. Asante, Baba." Asante kwa kopo. Asante kwa kuniita mezani wakati sikuwa na pengine pa kuitwa.

Lala salama, fundi wangu. Nakuahidi mvua haitaukuta ukuta wako bila bati. Na siku chekechea itakapofunguliwa, makopo yako yote yatakwenda kule, mezani, mbele kabisa, si chini ya kitanda. Watoto wakijenga kona nzuri wakaniita nije kuitazama, nitaitazama vizuri, nitawasifu, kisha nitawaambia wabomoe.

Binti yako,
Fundi Limi